Karatasi Tupu Iliyomzuia Nereo Payano

Risala ya wakazi wa Cañafría, kijiji cha wakata miwa, Jamhuri ya Dominika, kwa Bwana Howard Lindqvist, mwandishi wa michezo kutoka Marekani, siku ya kufungua uzio mpya wa kiwanja

Mgeni rasmi Bwana Lindqvist, mheshimiwa padri, ndugu wakazi,

UKARIBISHO

Sisi watu wa Cañafría tunakukaribisha kwa heshima zote. Mbuzi ameshachinjwa, ndizi zinapondwa. Ule, ushibe. Hatumnyimi mgeni chakula hata tukiwa na hasira naye, na leo, mgeni rasmi, tuna hasira nawe.

HISTORIA YA KIWANJA

Kiwanja hiki cha besiboli tulikifyeka wenyewe kwa mapanga ya miwa. Glovu zetu za kwanza zilikuwa maboksi ya maziwa. Hapa ndipo Nereo Payano alipoanza kuchuchumaa nyuma ya mpigaji na kudaka. Wenzake wote walitaka kurusha au kupiga. Kudaka hakuna aliyetaka, maana mpira unaumiza. Yeye akasema, "Nipeni mimi, mnaogopa nini?"

MAFANIKIO

Nereo alidaka misimu kumi na saba katika ligi kuu ya kwenu. Alivunjika vidole sita. Hakuwa mpigaji wa kutisha, tunakubali. Lakini warushaji watatu aliowaongoza kwa ishara zake wamo ndani ya Jumba la Mashujaa wa besiboli, na wote watatu wamesema hadharani kwamba bila yeye wasingefika. Aliyeidaka mipira yao ndiye aliyebaki nje. Jamani!

CHANGAMOTO

Changamoto yetu ni moja, nayo ni wewe.

Januari tulikusanyika dukani kwa Doña Tatica kusikiliza redio. Ninyi waandishi wa michezo ndio mnaochagua wa kuingia Jumba hilo, na 393 kati yenu mlikuwa mmerudisha karatasi zenu za kura. Ilitakiwa robo tatu, yaani kura 295. Nereo alipata 294. Doña Tatica akaizima redio kwa kofi. Kesho yake ukaandika gazetini, tena kwa kujivuna, kwamba wewe ulirudisha karatasi tupu. "Sikumwona anayestahili," ulisema, "na karatasi tupu haimdhuru mtu."

Haimdhuru nani? Mwalimu Bienvenida alipiga hesabu palepale kwenye meza ya domino. Karatasi tupu nayo inahesabiwa. Ungeiacha kwenye droo, zingekuwa 392, na robo tatu yake ni 294 kamili.

"Kwa hiyo Nereo angeingia?" akauliza Chago, mkata miwa.

"Angeingia."

"Hata huyo bwana asingeandika kitu?"

"Hata angejilalia zake usingizi, Chago!"

"Ala! Sasa si bora angelala!"

Tulicheka, mgeni rasmi, lakini inatuuma mpaka leo. Doña Eufemia, mama yake Nereo, ana miaka tisini na mmoja. Yeye hakucheka. Aliuliza tu kura nyingine ni lini.

MAOMBI

Kura nyingine ni mwaka huu, nao ni wa kumi na wa mwisho kwa jina la Nereo kuwa kwenye karatasi hiyo. Baada ya hapo linaondolewa. Tumesikia umeshatumiwa karatasi yako na unatakiwa kuirudisha kabla ya mwaka kwisha.

Nereo yupo hapa, safu ya pili, shati la buluu. Jana alitusihi, "Jamani, msimwaibishe mgeni. Someni habari za uzio tu." Tumemsikia, na tumemkatalia. Yeye amezoea kupokea kila anachorushiwa akanyamaza. Sisi hatuwezi.

Uzio uliotujengea tumeupokea, ahsante. Hatukulazimishi uandike jina lake. Ukiliandika, tutacheza barabarani mpaka miguu ivimbe. Moyo ukikataa, ni haki yako. Ila ukikaa na kalamu yako na usimwone anayestahili, tunakuomba, tena tunakuomba mbele ya mama yake: usiitume hiyo karatasi. Ichane. Washia jiko. Kila mgeni anayekuja hapa huwa tunamwomba atufanyie jambo, kisima, barabara, zahanati. Wewe tunakuomba usifanye kitu. Kaa tu nyumbani kwako, mgeni rasmi, usifanye kitu chochote.

Mungu akupe afya, akufikishe salama kwa watu wako, naye Doña Eufemia amweke hai mpaka Januari.

Ni sisi,
Wakazi wa Cañafría na klabu yao ya besiboli
Imesomwa na Fiordaliza Encarnación, katibu