Gemu la Mdogo Wangu

Benchi letu limeegemea ukuta wa duka la kinyozi, upande ambao kivuli hukaa mpaka saa sita. Kulia ni mlango wa kinyozi mwenyewe, tunayemwita Wembe. Kushoto ni meza ya fundi simu, tunayemwita Gundi, kwa kuwa kila anachokishika hubaki na alama ya vidole vyake. Katikati huketi Muhtasari, karani mstaafu wa masjala, ambaye hajawahi kufupisha jambo lolote. Mimi wananiita Jalada, na jina hilo nimelistahili. Katika ukoo wetu mimi ndiye ninayejua nani alizaliwa lini, nani alisimama wapi kwenye picha ya harusi, na bakuli lipi lilitoka kwa shangazi yupi. Chupa ya kahawa huletwa na mke wa Wembe saa tatu asubuhi, nayo huisha kabla ya ubishi.

Jumamosi hiyo nilikuwa na shida, na shida yenyewe ilikuwa ndani ya simu.

Mdogo wangu wa mwisho, binti na kitinda mimba wa mama yetu, anaishi mbali. Yeye na wenzake wawili wametengeneza gemu kwa miaka minne, chumbani kwake, bila kampuni yoyote nyuma yao. Limesifiwa sana. Wanaoyajua mambo hayo wamelitunuku tuzo, na mmoja ameandika kwamba alilicheza mpaka akasahau kula. Jumatatu mdogo wangu alinipigia. Alisema sifa zimemtosha, sasa anataka neno la mtu aliyewahi kuishi katika nyumba ya marehemu mama, ambayo ndiyo waliyoichora humo. "Usinisifie, kaka. Niambie tu ulihisi nini." Angepiga tena Jumamosi saa tano. Kabla ya simu hiyo, kwa miaka mitano tulikuwa tunatumiana salamu kupitia kwa watu, kama majirani waliogombana. Nilijua nikikosea neno, tutarudi hukohuko.

Gemu lenyewe ni hivi. Mama amefariki, nawe umekuja kuhamisha vitu vyake. Vyumba ni vinne. Kila kitu unachokigusa, unaulizwa: utakichukua, utakigawa, au utakitupa? Hakuna adui, hakuna pointi, hakuna saa inayokukimbiza. Begi lako ni dogo, na likijaa huna njia ila kugawa au kutupa. Ukimaliza chumba, unafungua kinachofuata.

Gundi alituwekea sote kwenye simu zetu. Niliwaomba wenzangu walicheze siku tatu, kisha wanisaidie kutafuta la kusema. Hapo ndipo nilipojikoroga.

Jumamosi hiyo Gundi alianza kusimulia. Chumba cha kwanza alikimaliza kwa dakika mbili.

— Tupa, tupa, tupa, alisema. Asiyekubali kushindwa si mshindani.

— Ulikuwa unashindana na nani? Wembe akamuuliza.

— Na kabati.

Mlango wa pili ukamgomea. Ufunguo wake ulikuwa ndani ya kikombe, na kikombe kilikuwa kitu cha tano alichokitupa. Tangu Alhamisi alikuwa amesimama katika chumba kitupu akigonga kuta. Hakujilaumu hata kidogo. Alitueleza kwamba gemu lisilo na adui halipo duniani, ila huyu amejificha. Na adui huyo, tukitaka kujua, ni marehemu mwenyewe: hajafa, amejibanza chumba cha nne anahesabu unatupa nini.

Wembe alisema yeye hakuona adui, aliona taulo. Lilikuwa nyuma ya mlango wa bafu, na ukiligusa unaandikiwa kwamba bado lina unyevu. Alikuwa ameliona hilo akiwa amemwacha mteja kitini, ndevu zimenyolewa upande mmoja.

— Nilitokwa na machozi kidogo.

— Mteja anasema ulilia mpaka povu likamkauka shavuni, Gundi akamkumbusha.

— Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, Wembe akajibu, na akatutazama kana kwamba methali hiyo ilitungwa kwa ajili ya mataulo.

Naye alikuwa na maelezo yake. Kilichomliza si taulo. Mwanga wa gemu lile, alisema, umepimwa ili uchome macho polepole bila mtu kuhisi. Waamuzi wa tuzo nao waliungua hivyohivyo, wakadhani ni huzuni.

Muhtasari alikunywa kikombe kizima kabla ya kusema. Yeye alisinzia mara tatu, na mara ya tatu kidole chake kililalia kioo kikagawa kitanda. Lakini miaka arobaini ya kazi masjala haikumpita bure. Gemu hilo, alisema, ni dodoso. Wanaandika kila mtu anashikilia nini, ili siku ukifa wajue cha kuwauzia watoto wako.

— Wauziwe vitu vyao wenyewe? Gundi akauliza.

— Hakuna biashara tamu kuliko hiyo. Paka akiondoka, panya hutawala.

Tulimwuliza paka ni nani. Alifikiri, akasema paka ni suala la kiutawala.

Kisha wote wakanigeukia mimi, nami nikatoa daftari. Wenzangu walikuwa wamecheza. Mimi nilikuwa nimekagua. Nilikuwa nimeandika makosa thelathini na moja. Kabati la mama lilikuwa kushoto mwa dirisha, yeye ameliweka kulia. Pazia la sebuleni lilikuwa la kijani. Redio ilikuwa na kitufe kimoja, kingine kiling'oka mwaka ambao binamu yetu alifunga ndoa, lakini kwenye gemu vipo vyote viwili. Nilisoma mpaka la kumi na tisa, Wembe akanizuia kwa mkono.

— Umefika chumba cha ngapi?

Nilimwambia cha pili. Begi langu lilijaa tangu Jumatano. Palikuwa na mwavuli uliovunjika mbavu, na gemu lilikuwa linangoja niseme neno. Nilishindwa. Mwavuli ule ulikuwa wa mjomba.

— Na nyumba yenyewe, ile ya kweli, uliihamisha kwa siku ngapi?

— Moja, nikasema.

Hilo walikuwa hawalijui. Niliwaeleza, kwa kuwa sikuwa na pa kujificha. Mwenye nyumba alitaka funguo. Mimi nilipanga orodha, nikaita gari, nikaanza alfajiri, na jioni nikafagia. Kila kitu kilikwenda kwa mtu wake. Mdogo wangu alifika baada ya siku mbili, akakuta sakafu. Alipita vyumba vyote vinne, hakusema kitu. Mimi nilidhani ananishukuru.

Kisha benchi likarudi kazini. Gundi alishauri nimwambie gemu ni zuri ila aongeze mtu wa kupigana naye. Muhtasari alitaka niandike barua yenye kumbukumbu namba. Zilibaki dakika kumi.

Ndipo alipokuja fundi cherehani wa duka la kona kuchukua simu yake kwa Gundi, futi ya kupimia imening'inia shingoni. Akauliza tunabishania nini. Walimweleza watatu kwa pamoja. Mimi nikampa daftari, nikitumaini atavutiwa na mpangilio. Alisoma makosa yote, akafunua nyuma, ambako bado imo orodha ya siku ile ya kuhama, nayo akaisoma.

— Kaka, akasema, humu ndani mdogo wako alitaka kitu gani?

Nililichukua daftari nikatazama, ingawa nilijua kilichomo. Sufuria kubwa, dada mkubwa. Saa ya ukutani, binamu. Meza, kanisani. Mbele ya jina la mdogo wangu niliandika kwa wino mzuri: hayupo.

Simu iliita saa tano kamili. Kwa kawaida husimama nikaenda pembeni. Siku hiyo niliipokea palepale benchini. Nilimwambia nimekwama chumba cha pili. Alicheka, akasema alidhani nisingetoka hata cha kwanza. Akangoja. Nililifunga daftari.

— Siku ile nilipogawa vitu, wewe ulitaka nini?



— Stuli ya jikoni, kaka. Ile fupi. Nilikuwa nakaa pale mama akinisuka.

Stuli ile haikuwamo kwenye orodha, kwa sababu sikuihesabu kuwa kitu. Lakini nilikumbuka ilikokwenda.

— Nilimpa dereva wa gari la mizigo. Msaidizi wake hakuwa na pa kukaa.

— Dereva gani?

Najua siku ya kuzaliwa ya kila mtoto aliyewahi kulala katika nyumba ile. Niliwatazama wenzangu.

— Sijui, nikamwambia. Sikumwuliza jina. Nisamehe, mdogo wangu.

Hakukata simu. Fundi cherehani alisogea akaketi kando yangu, na Muhtasari akalichukua daftari mapajani mwangu, akafungua ukurasa mweupe, akaninong'oneza:

— Gari lilikuwa rangi gani?

Nikafumba macho, nikaanza kutafuta.