Kitabu Kilichopasuliwa Makina

Benchi la Makina, hapa Kibera, lina miguu mitatu na tofali, na kwa kuwa tofali halijamwangusha mtu, hakuna aliyewahi kutafuta mguu wa nne. Wanaokunywa kahawa ya tangawizi hapo kila jioni nao ni wa namna hiyo hiyo. Musembi alipotoa riwaya yake ya mambo ya mbeleni, Mwaka wa Mabomba, aliwapa nakala moja. Waliigombania wiki nzima, mpaka Wanzala fundi viatu, wanayemwita Daktari, akaipasua kwa kisu cha soli, vipande vitatu, kila kimoja akakishona kwa uzi wa viatu. Walikubaliana kubadilishana kila Jumamosi. Wapi! Kila mtu alikalia chake.

Musembi alikaa pembeni, gazeti mfukoni. Mhakiki alikuwa ameandika: “Mitambo yake iko hai kuliko watu wake.” Benchi zima lilikuwa limeisoma sentensi hiyo, nayo ilikuwa imemuuma siku nne mfululizo. Alikuwa ameamua moyoni kwamba benchi likisema hivyo hivyo, kitabu cha pili hataandika.

— Si hiyo ni sifa? Daktari akaanza. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na roboti haina kiuno. Itainama aje?

— Daktari, wewe umesoma mwanzo pekee, akasema Ambrose fundi simu, jina la benchi Satelaiti. Mimi niko na katikati. Mtambo inafunga maji ya Nairobi nzima na hakuna mtu anaandamana! Buda, hapa maji ikipotea siku mbili tairi zinawaka.

— Mtambo ni landlord, akakata Mheshimiwa, aliyewahi kugombea udiwani akapata kura kumi na moja. Mimi ndio niko na mwisho. Ukiilalamikia inasema, “Nitaangalia hiyo maneno.”

— Zii! akasema Satelaiti. Mtambo imetumwa na watu wa Mars. Kwao ni kukavu, wanataka maji yetu. Niliona kwa simu ya kastoma.

— Nyinyi wote hamjui kitu, Daktari akasema. Roboti ni huyo mhakiki. Mtu wa damu anaandika ukurasa mzima hasemi kama kitabu kilimnyima usingizi? Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na huyo hana mama.

Musembi alicheka na wenzake. Kisha akaligusa gazeti mfukoni.

— Nitajieni mtu mmoja tu mnayemkumbuka humo ndani, akasema.



— Kuna yule... wa koti, Satelaiti akasema.

Kitabuni hakukuwa na mtu wa koti. Musembi akaona aende zake.

Hapo ndipo alipofika Ndunge muuza sukuma wiki, aliyehamia kutoka Kawangware mwezi uliopita. Alikuwa amewabembeleza wenyewe akaazima vipande vyote, kimoja kimoja, na sasa alikuwa anarudisha cha Mheshimiwa.

— Sasa wazee? Nimemaliza zote tatu. Lakini aki mtu aniambie. Yule msichana mdogo, Kasyoka. Dadake alimficha ndani ya tangi tupu, akamwambia hesabu mpaka mia, nakuja. Alirudi kumtoa ukurasa gani?

— Hiyo iko kwa Satelaiti, akasema Daktari.

— Kwangu haiko. Iko mwisho.

Mheshimiwa akapokea kipande chake, akalamba kidole, akakipekua.

— Kwangu ni vita na mabomba, akasema. Halafu wanashinda.

Wote wakamgeukia Musembi. Miaka mitatu alikuwa amechora kila bomba la mji ule, vali kwa vali, ili asikosee. Kasyoka alikuwa amemwandika asubuhi moja, akampenda, akasema atamrudia. Alikuwa amemsahau kabisa. 

— Kumbe ni wewe uliandika? Ndunge akamwuliza. Haya, mtoto ako wapi?

Musembi alinyoosha mkono akapewa kipande cha mwisho. Akafungua ukurasa ule ambao hata mhakiki aliusifu, akausoma kwa sauti ndogo:

— “Na siku hiyo maji yakarudi Kibera, yakajaza kila tangi.”

Muuza kahawa akainamisha birika. Halikutoa kitu.

— Kila tangi? akauliza Ndunge.