Mindel Lipkin na Geti la Kona ya Mashariki

Marehemu Mindel Lipkin alizaliwa tarehe 9 Februari 1947 mjini Cleveland, Ohio, akiwa mtoto wa pili wa mwokaji mikate Pinkas Rotblat na mkewe Raizel. Mama yake alikuwa akisema binti huyu alitoka tumboni amekunja uso, na hakuukunjua bila sababu ya maana. Kama kuna aliyekuja kusikia kwamba alikuwa mpole na kipenzi cha wote, ameingia msiba usio wake.

Alianza shule mtaani Glenville, familia ikahamia Cleveland Heights mwaka 1956, na huko akamaliza sekondari mwaka 1965. Alipata shahada ya kemia mwaka 1969. Kuanzia mwaka uliofuata hadi 2004 alifundisha kemia sekondari, akafelisha wengi bila kumwonea hata mmoja. Mmojawapo amesimama hapa mstari wa mbele, Bwana Hershel Zelnik, mwenyekiti wa kamati ya shamba la jumuiya yetu.

Tarehe 11 Juni 1972 alifunga ndoa na Saul Lipkin, fundi wa mabasi. Siku ya kwanza walipotoka pamoja, Saul alimletea bakuli la stroberi. Mindel alizigeuza moja moja kwenye mwanga wa dirisha akitafuta wadudu, maana Torati haituruhusu kula hata kidudu cha ukubwa wa nukta. Saul alingoja weee, mwisho akauliza, "Na mimi utanikagua lini?" Mindel akamjibu, "Wewe nimeshakumaliza. Kula." Walikaa pamoja hadi Saul alipofariki mwaka 2015, na familia haikumbuki siku waliyonuniana hadi jioni.

Shamba lilianza mwaka 2009, pale sinagogi letu lilipopewa kiwanja ambacho nyumba zake zilikuwa zimebomolewa. Mindel ndiye aliyepiga magoti akaokota vigae na vioo udongoni. Kila asubuhi alifungulia kuku, akageuza mboji, akagombana na mbuzi. Ijumaa alisimamia tanuri la mikate ya Sabato, akakagua majani ya saladi huku akiwafokea waliokuja kujitolea: "Wee dada, hayo majani umeyaosha au umeyabatiza? Rudia!" Walirudia, na wiki iliyofuata walikuja tena.

Ila kona ya mashariki hakumruhusu mtu yeyote wa jumuiya aivune. Kwa Torati, kona ya shamba ni ya maskini na mgeni. Hawapewi, wanaingia wenyewe na kuchuma kwa mikono yao. Basi geti la upande wa barabara lilikaa wazi, na majirani wakaingia walivyotaka. Bi Odessa Pruitt, wa nyumba ya pili, alikuwa na tuta zima la sukuma wiki ambalo alilipalilia yeye.

Moyo ulianza kumsumbua marehemu mwaka 2021. Aprili 2023 alilazwa hospitali, na alipokuwa kitandani na mipira ya hewa puani, Bwana Zelnik akapiga kufuli geti la kona. Mindel aliporudi alikuta kamati inavuna kona yenyewe na kugawa mboga mezani, kwenye maboksi, kila Jumatano. Walizozana palepale mbele ya kuku.

"Mindel, ni mboga zilezile! Zimeoshwa, zimekaguliwa. Unataka nini tena?"

"Huwezi kumpa mtu kitu chake, Hershel. Fungua geti."

"Wanakanyaga vitunguu saumu."

"Wakanyage! Wewe umekanyaga Torati na hakuna aliyekufungia mlango."

Bi Odessa alikwenda Jumatano moja tu. Alilitazama boksi, akasema, "Mimi sipangi foleni ya sukuma wiki niliyoipalilia mwenyewe," akaondoka zake. Hajarudi.

Mwaka huu, juma la kabla ya Siku ya Upatanisho, Bwana Zelnik alikuja kuomba msamaha. Sote tunaijua desturi: ukimwomba uliyemkosea, naye akakukatalia mara tatu, wewe umekuwa huru na dhambi inabaki kwake. Alizimaliza zote tatu ndani ya juma hilo moja, kama mtu anayemeza dawa chungu. Kwanza alileta keki ya asali, kisha wajumbe wa kamati, kisha rabi. Kila mara Mindel aliuliza neno moja: "Geti?"

"Nimekuja kwa msamaha, Mindel, si kwa geti."

"Basi umepotea nyumba."

Safari ya tatu alisimama mlangoni akawaambia aliokuja nao, "Mmesikia wenyewe. Mimi nimemaliza." Rabi aliangalia viatu vyake. Sisi familia tulikasirika siku ile, na leo bado tumekasirika. Tulipobaki peke yetu na Mindel, mpwa wake alimsihi, "Shangazi, msamehe basi, usife na dhambi ya mtu." Akasema, "Nitaibeba. Wenye njaa wamebeba mizigo mizito zaidi."

Alifariki nyumbani kwake Jumapili asubuhi, tarehe 17 Novemba 2024. Alikuwa na akili timamu hadi mwisho, na alijua fika kwamba aliyemkosea marehemu huleta watu kumi kaburini akaungama mbele yao. "Hershel atawaleta," alisema. "Mwambieni asiwasumbue watu kumi. Akafungue geti. Kazi ile mtu mmoja anatosha."

Maneno yake tumeyafikisha, Bwana Zelnik. Watu kumi wapo na wamezidi.

Marehemu ameacha kaka yake, Mzee Velvel Rotblat, watoto wake, Naftali na Dvora, wajukuu watano, na mpwa wake Tzivia, anayesoma maneno haya. Ameacha pia majirani wa barabara nzima waliokula kwa mikono yao wenyewe, akiwemo Bi Odessa Pruitt, aliyesimama kule nyuma kabisa.

Apumzike Mindel. Amani yake iko mfukoni mwa Bwana Zelnik, pamoja na ufunguo.