Kijiti Kwenye Chemchemi ya Filbert

Mambo ambayo mashahidi wote walikubaliana ni machache, na yafaa yatajwe kwanza yasije yakachanganywa na yale yaliyozaliwa baadaye benchini. Kwamba chemchemi ya Filbert, iliyo bondeni nyuma ya njia panda ya Tloma, ilianza kufunikwa na utando wenye rangi za upinde wa mvua mara tu mvua za kwanza zilipokatika. Kwamba Filbert alipouona aliacha kulima, na shamba lake likaota magugu wakati majirani walikwisha kupanda maharage. Kwamba binti yake, Aneth, yuko mwaka wa nne chuo kikuu akisomea uhandisi wa petroli, na alipigiwa simu aje nyumbani. Na kwamba asubuhi ya Jumamosi aliyotarajiwa kufika, benchi la Benedicta muuza kahawa, ambalo kwa asili ni kiti cha nyuma cha Landrova ya watalii iliyokufa, lilijaa kabla birika halijachemka. Mengine yote yanabishaniwa.

Waliokuwepo ni Mzee Piusi, dereva mstaafu wa watalii, aitwaye Breki kwa sababu hakuna hadithi inayopita mbele yake bila kusimamishwa. Silvanus, fundi wa magari, aitwaye Diferensho. Na Lekoko, mfugaji wa Kakesio aliyekuja mnadani, ambaye hana jina la utani kwa kuwa hakuna aliyewahi kuthubutu kumpa. Filbert mwenyewe alikaa pembeni kabisa, kikombe kimempoa mkononi.

Breki: Hiyo ni petroli, tusizungushane. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu.

Benedicta: Mawingu na petroli wapi na wapi, mzee wangu?

Breki: Dalili, mama. Shika hapo kwenye dalili. Miaka yote hii magari ya safari yanapanda kwenda geti la hifadhi pale Lodoare huku yanavuja oili. Inakwenda wapi? Inazama. Imezama mpaka imechoka, sasa inarudi. Ile ni oili yetu wenyewe.

Diferensho: Mzee, kwa heshima zote, hapo umechemka. Sikiliza fundi. Hii milima ni injini. Kreta, lile shimo kubwa la volkano, ni boneti iliyoachwa wazi. Oldoinyo Lengai, kule Engaresero, ni ekzosi, si mnauona unavyofuka? Sasa injini ina boneti, ina ekzosi, sampu yake, lile bakuli la oili la chini, iko wapi?

Benedicta: Usiniambie.

Diferensho: Kwa Filbert. Gasketi imekwisha, sampu inavuja.

Ni haki kueleza kwamba hoja hii, pamoja na upungufu wake wote, ndiyo pekee iliyoungwa mkono kwa mchoro, maana Diferensho aliokota mkaa na kuichora ukutani, mishale ikiwemo. Breki hakukubali kushindwa na mkaa. Akasema kuwa injini au si injini, lazima bomba litapita hapa hapa njia panda, uwanja wa ndege utakuwa pale penye mahindi ya katekista, na Benedicta ataacha vikombe hivi vya vidole viwili, atauza kahawa kwa Waarabu kwa debe.

Benedicta: Waarabu wanywe hii? Nyie wenyewe mnailalamikia.

Breki: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Wakishakunywa wao, sisi tutapona.

Lekoko: Mkimaliza kujenga huo uwanja, mtuambie Filbert mmemjengea wapi.

Diferensho alijaribu kucheka, akaona yuko peke yake.

Lekoko: Ero, kijana, mimi sibishani na mchoro wako. Ila najua inavyoanza. Linakuja gari moja, watu wapole sana, wanaomba maji ya kunywa. Linarudi na ramani. Halafu mnaitwa mkutano, mnaambiwa mna bahati. Kwetu neno bahati hata ndama wakilisikia wanasimama.

Filbert: Mama yangu amelala pale juu ya chemchemi. Nikiambiwa nina bahati, yeye nampakia kwenye nini?

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza asubuhi ile, na yanaeleza, bila kuhitaji shahidi wa ziada, kwa nini jembe lake lilikuwa halijagusa udongo. Mtu hapandi maharage mahali asipojua kama atayavuna.

Diferensho: Lakini kaka, si wewe uliyempeleka mtoto kusomea mambo hayo?

Filbert: Nilimpeleka akayachimbe kwa watu.

Breki: Ndiyo hapo sasa. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Kwa nini unadhani wanavalishwa kofia ngumu?

Aneth alishuka kwenye pikipiki saa ya birika la pili, begi mgongoni, vumbi mpaka kwenye nyusi. Aliwasalimu wote shikamoo kwa kuzunguka, akaanzia kwa Lekoko, akamalizia kwa baba yake, ambaye aliushika mkono wake muda mrefu kuliko salamu inavyohitaji.

Diferensho: Injinia, kofia iko wapi?

Aneth: Nimeiacha chuoni, kaka Silvanus. Nimekuja na kichwa tu.

Breki: Mwanangu, hebu tuambie. Miaka minne yote wanakufundisha nini? Petroli si unatoboa, inaruka?

Aneth: Mwaka wa kwanza sikuiona hata kwa harufu, babu. Ni hesabu na mawe. Halafu tukafundishwa tope, namna ya kulichanganya lishindane na nguvu inayotoka chini, kisima kisikulipukie. Mengine ni kujifunza kutambua mahali ambapo hakuna. Kisima kikavu kinakula nguvu ileile ya kisima chenye mafuta.

Breki: Kumbe mnasomea kukosa.

Aneth: Karibu nusu ya masomo, ndiyo.

Benedicta alimpa kahawa, akamwinamia.

Benedicta: Na ukiyapata hapa kwenu, mama, chuo watasemaje?

Aneth: Natafuta mradi wa kumalizia masomo, shangazi. Nikiyapata hapa, huo mradi utazungumzwa mpaka na watu nisiowajua.

Alisema hivyo bila kumtazama baba yake. Jambo hili liwekwe kando kwa sasa, maana litahitajika.

Wakashuka bondeni wote, Benedicta akaacha birika motoni chini ya ulinzi wa mgeni mmoja aliyekuwa amesimama pale, kibarua wa Singida aitwaye Isaya, aliyekuwa akisubiri trekta la shamba la kahawa.

Chemchemi ile ina vidimbwi viwili. Cha chini kiko wazi, na ndicho majirani wanachochotea. Cha juu kimejificha kwenye matete, hatua chache kutoka kaburi la mama yake Filbert, na kwa desturi ya nyumba hiyo hakuna asiye wa ukoo anayepita kwenda kule. Mwiko mwingine wa marehemu ulikuwa kwamba maji yale hayaguswi kwa chuma. Aneth alikuwa amechukua kopo la bati na kifaa kidogo chenye mpini wa chuma. Alivitoa begini, akamwangalia baba yake, akavirudisha. Kisha akavunja kijiti cha mti wa kahawa.

Diferensho: Washa kiberiti basi. Ikishika moto, imeisha hiyo.

Aneth: Ukiwasha kiberiti juu ya petroli, utakayeisha ni wewe. Angalieni hapa. Mafuta ukiyachana kwa kijiti yanarudi kushikana yenyewe. Hayana kumbukumbu ya jeraha.

Akachana utando. Na hapa ushahidi hauna mgongano hata mmoja: watu watano waliinama, na wote watano waliuona ukipasuka vipande vyenye kona, kama kioo cha gari lililogongwa, na vipande vile vikaelea kila kimoja na njia yake. Havikurudiana. Akaurudia upande wa pili, ikawa vilevile.

Aneth: Hii ni kutu. Udongo wetu ni mwekundu kwa sababu ya chuma, na maji yakituama kuna vijidudu vinavyoishi kwa kukila hicho chuma. Utando ni kazi yao. Hauna madhara, unachota pembeni, unachemsha.

Breki: Yaani bibi yako alikataza chuma kisiguse maji, kumbe kimo humo humo?

Aneth: Ndiyo, babu.

Breki: Basi amedanganywa marehemu.

Filbert alicheka. Wanaomfahamu wanasema hakuwa amecheka tangu utando uonekane, nami sina sababu ya kuwakatalia. Kisha Aneth akasema angependa kukiona na kile cha juu. Waliosalia wakabaki chini kama inavyopasa. Baba na binti wakapanda, matete yakafunga nyuma yao.

Walirudi baada ya muda ambao Breki anauita mfupi na Diferensho anauita mrefu. Aneth alikuwa hana kijiti tena.

Aneth: Vilevile.

Hilo moja tu. Halafu akamwambia baba yake, mbele ya watu wote, kwamba pale juu pazungushiwe miiba, ng'ombe wasije wakakanyaga kaburi.

Benchini furaha ilikuwa ya waziwazi. Diferensho alifuta mchoro wake kwa kiganja na kukiri kwamba gasketi ni nzima. Lekoko alisema kwa mara ya kwanza maishani amefurahi kuona kitu kimevunjika. Filbert alikunywa kahawa yake ya moto, akaomba nyingine, akamuuliza Breki kama maksai wake wako huru, maana maharage yakiwahishwa bado yanaweza kushika unyevu. Aneth alikwenda nyumbani kumsalimia mama yake.

Ndipo Isaya, ambaye alikuwa ameinua birika lisiungue, akauliza.

Isaya: Samahanini, mimi mgeni. Na kule juu, nani alikiona kijiti kikichana utando?

Breki alimtazama Diferensho. Diferensho alimtazama Benedicta. Wote wakamtazama Filbert.

Filbert: Mimi nilimpa mgongo. Nilikuwa nang'oa magugu kaburini.

Isaya: Wakati wote?

Filbert: Yalikuwa mengi.

Trekta likapiga honi, Isaya akarudisha birika jikoni, akashukuru, akaenda zake. Filbert naye akasimama na kuelekea kwa Breki kufungua maksai, anatembea kama mtu aliyetuliwa gunia.

Kwa upande mmoja, utando wa kidimbwi cha chini ulivunjika mbele ya watu watano, na maji ya chini yanatoka juu. Binti alikuwa na faida kubwa ya kusema ndiyo, akasema hapana. Na Benedicta, aliyempa mkono aliporudi, anashuhudia kuwa haukunuka chochote ila udongo. Kwa upande mwingine, kijiti cha pili hakikuonekana tena, miiba ilizungushwa kabla jua halijatua, na anayedai vilevile ni mjukuu wa aliyelala pale. Miiba hulinda kaburi. Hulinda pia kidimbwi.

Maharage ya Filbert yamekwisha kuota, na mistari yake imenyooka. Nawe uliyesikiliza una kijiti kimoja mbele ya macho yako na kingine nyuma ya mgongo wa Filbert. Pima mwenyewe.