Redio Sita za Tharsisi na Utepe wa Bluu

Mwakeye, habari za asubuhi, wasikilizaji wapendwa. Sogezeni redio karibu, na aliyeshika ufagio auweke chini kidogo. Leo tunamkumbuka Tharsisi Nsengimana, fundi redio, aliyefariki kwa kuumwa na nyoka shambani kwake, katika kijiji kimoja cha bondeni kati ya Kibondo na Kasulu. Familia imeomba kijiji kisitajwe. Sawa. Wahusika wanajijua, na saa hizi wanasikiliza.

Tharsisi aliingia nchi hii akiwa mgongoni kwa mama yake, kutoka Burundi. Ufundi aliupata Manyovu, mpakani, akifungua redio za madereva wa malori. Hakuwa mtu wa kunyamaza. Binti yake Esteri anasema, "Baba akikosa wa kugombana naye, aligombana na waya."

Na kwenye bonde lile simu haishiki. Lishikeni hilo, wasikilizaji: simu haishiki. Ukitaka mtandao, panda mlima.

Siku moja, mnadani Kasulu, Tharsisi akaona kiroba cha redio za upepo, zile za kushika mkononi. Unabonyeza unaongea, unaachia unasikia. Shirika fulani lilikuwa limefunga ofisi, chakavu chake kikauzwa. Nyingine zilikuwa na mende ndani. Akabeba kiroba kizima.

Mkewe, Theodosia, alimpokea mlangoni. "Baba Esteri, sasa umehamia kuokota takataka?"

"Mama Esteri, hiyo ni midomo imekauka tu. Nitainywesha."

Akazifungua kwenye meza ya chakula, familia ikala chini. Betri zilikuwa zimekufa. Akatoa seli kwenye betri za kompyuta mbovu, akaziunganisha humo. Vitufe vilikuwa vimechanika, akakata tyubu ya baiskeli, akabandika. Redio iliyoshindikana aliing'oa viungo akaipa mwenzake. Kutoka kiroba kizima zikaamka redio sita. Moja akampelekea Floribert, dereva wa gari la wagonjwa kwenye zahanati ng'ambo ya mto, wajaribu.

"Floribert! Wanisikia?"

"Nakusikia mpaka mate, papa! Punguza sauti, unanitoboa masikio!"

Watu walicheka, bibi mmoja akalia. Kila kitongoji kingepata redio yake, na dereva naye apate yake. Mtu akizidiwa, unabonyeza, gari linakuja. Kibali cha kutumia masafa kiliombwa, kikatoka. Ilibaki kugawa tu.

Hazikugawiwa. Mtendaji wa kijiji alisema lazima zizinduliwe. "Vitu vizuri havigawiwi kama mchicha, mzee. Aje mgeni rasmi, akate utepe, tupigwe picha." Na ukweli usemwe: Tharsisi mwenyewe alikubali. Alikwenda kushona koti.

Mgeni rasmi akapata safari. Kisha mvua. Kisha maturubai yakakosekana. Redio zote sita, hata ile ya Floribert ikarudishwa, zikalala kabatini, ofisi ya kijiji, kila moja na utepe wa bluu shingoni. Kila wiki Tharsisi alikwenda kubembeleza afunguliwe, achukue betri akazichaji kwa sola yake, maana betri ikikaa na njaa inakufa. Na kila wiki alirudi nyumbani na hasira zaidi.

"Mtendaji, koti langu limeliwa na panya. Gawa sasa."

"Mzee, redio bila mgeni rasmi ni harusi bila bwana harusi."

"Harusi gani? Mimi nataka mgonjwa afike zahanati, wewe unataka pilau!"

Ofisi nzima ilicheka. Ilikuwa vichekesho kwao.

Asubuhi ile Tharsisi alikuwa anapalilia maharage. Kifutu akamgonga mguuni. Theodosia, aliyekuwa mstari wa pili, alikimbia hadi ofisini na jembe mkononi. Mlango umefungwa. Mtendaji yuko Kibondo, ufunguo mfukoni mwake. Watu wakajaa. Mmoja akasema, vunja. Wengine wakasema, mali ya serikali hiyo, mama, utafungwa. Akasimama. Wote wakasimama.

Theodosia alituambia haya: "Kufuli lenyewe dogo, la kufungia kuku. Na jembe nilikuwa nalo. Niliogopa utepe, mwanangu."

Jirani akapanda mlima kutafuta mtandao ampigie Floribert, hakuwahi. Wengine wakambeba Tharsisi kwa ingobyi, machela yetu ya miti. Alikata roho kabla hawajafika mtoni. Ng'ambo, gari lilikuwepo. Mafuta yalikuwepo. Floribert alikuwepo, ameegemea mlango wa gari anamenya muhogo. Na kabatini redio sita zilikuwa na chaji tele, alizozichaji marehemu kwa mikono yake.

Msibani mtendaji alisimama, akasema redio zitazinduliwa kwa jina la marehemu, mgeni rasmi akipata nafasi.

Theodosia akainuka mkekani. Akatembea hadi ofisini, waombolezaji nyuma yake, na mtendaji nyuma yao akiita, "Mama! Mama, utaratibu!" Akaokota jiwe. Kufuli likaanguka. Akazitoa redio, akazing'oa utepe, akawapa wenyeviti wa vitongoji mmoja mmoja. Hapakuwa na makofi. Ya mwisho akampa Floribert. "Ukae nayo ndani ya gari. Ukiizima, nitakuja."

Wiki iliyofuata mjamzito alifikishwa zahanati mapema, na yeye na mtoto ni wazima. Na leo tunavyoongea, Theodosia ameitwa kujibu kosa la kuharibu mali ya serikali. Kufuli, wasikilizaji. Wamehesabu hasara yote, wakaona kufuli.

Mama Theodosia, pole sana. Esteri, pole. Poleni ndugu wote, wa huku na wa ng'ambo ya mpaka. Mungu amlaze fundi wetu mahali pema.

Na wewe mwenye ufunguo mfukoni, unayetunza kitanda cha wodi ya wazazi ndani ya nailoni, au pampu ya kisima inayongoja picha, tafakari. Kuna mtu yuko shambani asubuhi hii. Sasa tunanyamaza kidogo kwa ajili ya Tharsisi. Wewe usinyamaze nasi. Inuka, kafungue.