Ba, Be, Bi, Bo, Bu Nyuma ya Ukuta

Benchi lenyewe ni mlango wa zamani uliolazwa juu ya matofali, kwenye kibaraza cha fundi cherehani, likitazamana na ukuta wa shule ya msingi. Wazee watatu wana haki nalo. Wa kwanza ni fundi mwenyewe, Kipimo, asiyeivua tepu yake shingoni hata akienda msibani. Wa pili ni Kipenga, mwamuzi mstaafu wa mpira. Wa tatu ni Injinia, mtengeneza redio, ambaye chuo cha uinjinia alikiona kwa nje tu, akipita. Wote watatu walianza darasa la kwanza pamoja, ng'ambo ya ukuta huohuo. Kahawa anauza Shangazi, na maneno anatoa bure. Asubuhi hiyo kikombe kilimpolea Kipimo mkononi.

— Vipi, leo tepu imekukaba? akauliza Kipenga.

— Nimempeleka mjukuu darasa la kwanza. Kaning'ang'ania shati mpaka kifungo kimeng'oka. Nusura nirudi naye nyumbani.

Wote walijua habari za yule mtoto. Mama yake, binti wa Kipimo, alikwenda mji wa mbali kutafuta kazi, akamwachia babu mtoto na begi la nguo. Tangu hapo, babu akizunguka tu nyuma ya nyumba, mtoto huangua kilio.

— Pale langoni kaniuliza, "Babu, humo ndani wanafundisha nini ambacho wewe huwezi kunifundisha?"

Kutoka ng'ambo ya ukuta sauti ndogo zikapasuka kwa pamoja: Ba! Be! Bi! Bo! Bu!

— Si hicho hapo? akasema Injinia. Wanafundisha kusoma.

— Kusoma wapi! Kipenga akadakia. Wanafundisha mstari. Wachezaji wakorofi wote niliowatoa uwanjani, ukiwachunguza, darasa la kwanza walikuwa wanaruka mstari. Ndiyo maana wahenga wakasema, mtaka cha mvunguni sharti ainame.

— Kuinama na mstari wapi na wapi?

— Inama kwenye mstari uone utakavyopitwa!

Shangazi akacheka, akaongeza kahawa.

— Tulieni niwape sayansi, akasema Injinia. Mnakumbuka maharage? Punje kwenye pamba yenye maji, ndani ya kopo, tukapanga dirishani. Kila asubuhi tunakimbilia kuchungulia. Basi mimi redio nilijifunzia pale.

— Redio kwenye maharage?

— Ndiyo! Kitu kimelala kama mfu, unakitia maji au umeme kidogo, unangoja, kinaamka. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga! Na hesabu je? Vifuniko vya soda. Anayerusha ndege leo alianza na kifuniko cha soda. Bila kifuniko, ndege haipai.

— Na ya kwenda mwezini?

— Vifuniko viwili.

— Kwetu sisi tulichora, akasema Shangazi. Nyumba, jua pembeni, na baba mkubwa kuliko mlango. Mpaka leo najiuliza baba yule alilala wapi.

— Hayo yote cha mtoto, akasema Kipenga, sasa amesimama. Somo lilikuwa kuinua mkono! Dunia nzima ingeinua mkono kabla ya kutenda, vita vingekwisha. Jemadari anasimama, "Mwalimu, naomba nikawapige wale." "Kaa chini." Anakaa. Kwisha habari!

Walicheka mpaka Injinia akapaliwa. Kipimo naye alitabasamu, ila macho yake hayakubanduka ukutani.

— Mnakumbuka mimi nilivyolia siku ile?

— Ulilia mpaka mbuzi wa jirani wakakuitikia, akasema Kipenga.

— Mama alikuwa amelazwa. Nikajua nikitoka pale sikuti mtu. Basi Mwalimu hakuninyamazisha. Kanitazama tu, kasema, "Njoo unishikie kifutio, mikono yangu imejaa." Nikakishika mpaka mchana, nimejaa vumbi la chaki kama aliyeangukia pipa la unga. Halafu akaja nyuma yangu, akaufunika mkono wangu kwa wake, tukaandika "a" pamoja. Mkono mkavu, wa joto, unanukia sabuni ya kufulia. Mpaka leo nikichora kitambaa cha mteja kwa chaki, nausikia mkono ule.

Shangazi akaweka birika chini.

— Sasa hilo mbona hukumwambia mjukuu? akauliza Shangazi.

— Langoni lilinitoka, dada yangu. Kilio cha mtoto kinatoa akili.

Adhuhuri darasa la kwanza likaachiwa. Jirani mmoja akavuka barabara na kundi la watoto, na Kipimo akajikuta amesimama kabla hajafikiri kusimama. Mjukuu alikuja na chaki puani, mkoba ukimgonga magotini. Akasimama mbele ya babu yake, akamkagua toka juu mpaka chini.

— Upo.

— Nipo, mama. Mlifunzwa nini?

— Majina. Unasema lako, halafu unasema la uliyekaa naye. Mwalimu naye kasema lake, tukalirudia wote. Nililia kidogo, halafu nikaacha.

Kipimo akampangusa chaki puani.

— Na mimi nilisoma humohumo. Hata hawa babu zako.

— Mwalimu wenu alikuwa anaitwa nani?

Kipimo akafungua kinywa. Aliuona mkono, akaviona viatu vya kijani vilivyolika kisigino, akakisikia kikohozi cha asubuhi cha Mwalimu. Jina halikuja. Akamgeukia Kipenga. Kipenga akamgeukia Injinia.

— Tulimwita Mwalimu, akasema Kipenga polepole.

— Hata mwalimu mkuu alimwita Mwalimu, akasema Injinia.

— Kwani hamkumuuliza?

Shangazi aliinua birika, lakini hakuna aliyenyoosha kikombe. Kipimo akaingia dukani, akafunika cherehani, akafunga mlango mchana kweupe. Akaushika mkono wa mtoto.

— Tunakwenda wapi, babu?

— Shuleni. Kuuliza.

Wale wawili wakanyanyuka bila kuambiwa, Injinia akitafuta kiatu chake chini ya benchi. Wakavuka barabara wote wanne, na mtoto ndiye aliyetangulia kuingia langoni.