Shangazi wa Mashine Namba Tatu Anastaafu kwa Mara ya Tatu

Ijumaa hii, tarehe thelathini mwezi wa sita, Shangazi anastaafu baada ya miaka thelathini na minne katika karakana yetu ya mifarishi. Huu ni wasifu wa tatu ninaoandika kumuaga. Wa kwanza uko kwenye droo tangu Juni mwaka jana, wa pili tangu Desemba. Mara zote mbili keki ilikatwa, hotuba zikasomwa, na Jumatatu iliyofuata, saa moja na nusu asubuhi, Shangazi alikuwa kwenye kiti chake amevaa aproni. Alirudi kwa sababu yangu, na nitaeleza. Mhariri wa jarida letu la kazini ameniomba niandike kwa uchangamfu. Nitajitahidi, ila nimechoka, na Shangazi amechoka kunizidi.

Tunamwita Shangazi ingawa hana mpwa hata mmoja humu ndani. Hata msimamizi, ambaye wamepishana umri kwa miezi tu, humwita hivyo, tena kwa sauti ya chini.

Alianza kwa kukata nyuzi. Miaka miwili alikaa kwenye kigoda na mkasi mdogo, akisafisha nyuzi zilizoning'inia kwenye kazi za wenzake. Baadaye akapewa mashine ya mistari iliyonyooka. Mwaka wa tatu fundi mkuu wa siku hizo, mzee wa maneno machache, alimkalisha mashine namba tatu akamwambia ajaribu kushona bila meno.

Kwa wasiofika ghorofa yetu: mfarishi ni kitambaa cha juu, cha chini, na pamba katikati, na kazi yetu ni kuvishikanisha kwa mishono inayochora maua na majani. Cherehani ina meno madogo chini ya sindano yanayovuta kitambaa. Sisi tunayashusha. Hapo kitambaa hakiendi popote usipokisogeza mwenyewe kwa mikono miwili. Mkono ukikimbia, mishono inakuwa mirefu na kulegea. Ukisita, uzi unajirundika chini kama kiota. Mguu uko kwenye mwendo, mikono iko kwenye mchoro, na vyote havina budi kusikilizana.

Mkono wa Shangazi ulikuwa mzito, yeye mwenyewe husema hivyo. Mzee hakumkemea. Alimwekea sharti moja: kila asubuhi, kabla hajagusa kazi ya mteja, ashone dakika kumi kwenye kipande cha masalio chenye ukubwa wa sinia. Akimaliza, mzee alikigeuza akakagua mgongo, kwa sababu mbele hupendeza kirahisi lakini mgongo hausemi uongo. Kisha aliandika tarehe na maneno mawili: Tena kesho.

Ikawa hivyo miaka sita. Wahenga walisema papo kwa papo kamba hukata jiwe. Nadhani kamba hiyo haikuwa na maumivu ya mgongo. Shangazi alifanya mazoezi hata mezani kwake, kidole kikichora vitanzi juu ya kitambaa cha plastiki wakati wa kula, hadi mama mkwe wake akamwita mwanawe pembeni kuuliza kama mkewe ana kinyongo na mkwewe. Mume, ambaye ni fundi baiskeli na anajua mikono inavyojisahau, alicheka wiki nzima. Mama mkwe hakucheka.

Siku aliyokabidhiwa mfarishi wa kwanza wa mteja, aliinama saa tatu bila kunyanyua kichwa. Alipomaliza akasimama, na mfarishi ukasimama naye. Alikuwa ameushona pamoja na aproni yake. Ilibidi wenzake wakate aproni ndipo atoke. Kipande cha aproni ile anacho hadi leo, na kila fundi mgeni huonyeshwa siku yake ya kwanza, asije akajiona ndiye wa kwanza kufanya upuuzi. Miaka iliyofuata, mikono hiyo ilishona mifarishi sitini ya wodi ya watoto, kila mmoja na majani yake, hakuna jani lililorudiwa.

Sasa nifike kwangu. Miaka miwili iliyopita nilitolewa meza ya kukatia vitambaa nikapelekwa kwake nijifunze. Msimamizi alisema wazi kwamba asipopatikana wa kukalia namba tatu, kazi ya kushona bila meno itafungwa. Kila asubuhi nilishona kipande changu, Shangazi akakigeuza, akaandika Tena kesho. Juni ikafika, bado sijaiva. Desemba ikafika, bado. Bega lake la kulia lilikuwa halinyanyui tena mfarishi mzima, mumewe alikuwa anamfungia vifungo vya koti, naye akaendelea kuja. Niliona aibu. Kuna asubuhi nilitamani anifukuze tu tupumzike wote.

Wiki jana alinipa mfarishi wa mteja na akaenda kukaa dirishani, amenipa mgongo. Nilimaliza jioni. Aliugeuza, akapitisha kiganja upande wa chini kutoka pindo hadi pindo, akitafuta fundo. Hakulipata. Hakunisifu, si kawaida yake. Aliomba mkoba wake, akaenda kumwambia msimamizi kwamba Ijumaa anaondoka.

Jumatano hii aliniletea gunia la vipande vyake vya asubuhi, vichache vya kila mwaka. Moja kwa moja nilitafuta vya miaka yake miwili ya kwanza ya mazoezi. Samahani, Shangazi, lakini ni vibovu kuliko vyangu, na nimefurahi mno. Nyuma ya kila kimoja kuna mwandiko wa mzee. Mwaka wa sita mwandiko unakoma, maana mzee alistaafu, nikadhani na maneno yamekoma. Hayakukoma. Yanaendelea kwa mwandiko wa Shangazi mwenyewe, mwaka baada ya mwaka, hadi kipande cha juu kabisa, alichokishona asubuhi hiyo hiyo. Majani yake yamenyooka, mgongo wake ni safi, sijaona kazi nzuri kama ile. Pembeni ameandika tarehe, na chini yake, Tena kesho.

Nilikaa juu ya gunia nikalia kidogo. Kisha nikarudi kazini, kwa kuwa tuna oda.

Kwa niaba ya ghorofa nzima, asante kwa miaka yote, na asante kwa huu mmoja wa ziada ambao hukulazimika kuutoa. Jumatatu nitakuwa namba tatu saa moja na nusu, na nitaanza na kipande cha asubuhi. Tunakutakia maisha mema, bega lipoe, mume afunge baiskeli badala ya vifungo. Na safari hii, Shangazi, tafadhali usirudi.